Koili ya mizunguko 1200 imeshindwa na ya 600 maabara, hapa Tanga. Kosa liko wapi?

#1 Mwl wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha nne hapa Tanga mjini. Wiki hii tumefika kwenye mada ya kuzalisha umeme kwa sumaku na koili, na nimepata matokeo ambayo siwezi kuwaeleza wanafunzi bila kubabaisha. Kubabaisha sitaki.

Vifaa ni hivi. Koili tatu tulizosuka kwa waya wa kopa wa milimita 0.2 wenye vanishi, juu ya bomba la plastiki la inchi moja na robo. Ya kwanza mizunguko 300, ya pili 600, ya tatu 1200. Sumaku ni ile ndefu ya maabara, nusu nyekundu nusu buluu, urefu sentimita 7 na nusu. Galvanomita (kipimo cha mkondo mdogo wa umeme) yenye sifuri katikati, mistari 30 kila upande. Mwanafunzi yuleyule anaisukuma sumaku kwa haraka hadi katikati ya koili na kuiacha humo, wenzake wanasoma mahali mshale unapofika kabla haujaanza kurudi. Tulirudia mara 10 kwa kila koili.

Mizunguko 300: wastani mistari 6.
Mizunguko 600: wastani mistari 9.
Mizunguko 1200: wastani mistari 7.

Kitabu kinasema mizunguko ikiongezeka, umeme unaozalishwa unaongezeka. Darasa lilitarajia 6, 12, 24. Mmoja akanyanyua mkono: "Mwalimu, tuandike tulichokiona au cha kitabu?" Nikawaambia waandike walichokiona. Sasa wananidai maelezo, na kipindi kijacho ni Alhamisi.

#2 Mgeni wa Bara
Tanga hiyo mwalimu, waja leo waondoka leo! Umeme umeingia kwenye koili ya 1200 umenogewa, hautaki kutoka.

#3 Fundi Msuka Mota
Mwalimu, mimi nasuka mota na feni Ngamiani mwaka wa 14 sasa. Hilo ni vanishi. Waya wa 0.2 ni mwembamba, ukivutwa kwa nguvu au ukapita kwenye kona ya bomba lililokatwa kwa msumeno, vanishi inachubuka. Mizunguko miwili ikigusana kopa kwa kopa, yote iliyo katikati yao imekufa. Una 1200 kwa jina, kazi inafanya labda 500. Wanafunzi wako walisuka kwa mkono?

#4 Pedali ya Pongwe
Mimi nauliza mkono. Mtu anasukuma mara 10 kwa koili ya kwanza, 10 kwa ya pili, akifika ya tatu amechoka au amezoea. Kasi haiwezi kuwa ileile. Simamisheni bomba, sumaku idondoke yenyewe kutoka kimo kimoja, chini wekeni sponji. Mvutano wa dunia hauchoki.

#5 Mhandisi wa Mto
Salaam. Kabla ya kumlaumu aliyesuka au aliyesukuma, tutenganishe vitu viwili ambavyo vitabu vingi vya shule vinavichanganya. Kinachopanda kwa idadi ya mizunguko ni msukumo wa umeme, yaani volti. Galvanomita inasoma mkondo. Mkondo ni volti kugawanya kwa ukinzani wote wa njia: koili pamoja na galvanomita yenyewe. Ukiongeza mizunguko maradufu kwa waya uleule, umeongeza na urefu wa waya maradufu, kwa hiyo ukinzani wa koili nao umepanda maradufu. Unavuta kwa mkono mmoja, unarudisha kwa mwingine.

Kama galvanomita ingekuwa haina ukinzani kabisa, koili zote tatu zingetoa mkondo uleule. Kwa hiyo 6, 12, 24 haikupaswa kutarajiwa tangu mwanzo. Nipe ukinzani wa kila koili na wa galvanomita, nitakwambia ulipaswa kupata ngapi.

#6 Kidato cha Nne B
Shikamoo mwalimu. Shikamooni wote. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma. Sikuchoka, na tulianza na koili ya 1200, tukamaliza na ya 300, kwa hiyo hoja ya #4 inageuka kichwa chini. Kitu kingine ambacho hatukukiandika: nilijaribu kusukuma haraka zaidi na haraka zaidi tena kwenye koili ya 600, mshale ukabaki palepale 9. Nikisukuma polepole kabisa ndipo unashuka. Mbona kitabu kinasema kasi ikiongezeka mkondo unaongezeka?

#7 Mwl wa Makorora
Marahaba. Nathibitisha, walianza na 1200.

#8 Mhandisi wa Mto
Mdogo wangu #6, umeona kitu ambacho wengi humaliza shule bila kukiona. Kitabu hakijakosea, ila mshale wa galvanomita una uzito wake. Sumaku ikiingia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, mkondo unapanda na kuzimika kabla mshale haujaondoka mahali pake. Mshale unapigwa teke moja, halafu unatembea wenyewe. Ukubwa wa teke unategemea jumla ya chaji, yaani kiasi chote cha umeme kilichopita. Jumla hiyo ni mizunguko mara badiliko la flaksi ya sumaku (wingi wa mistari ya uga wake inayopita ndani ya koili), kugawanya kwa ukinzani wote. Kasi haimo! Ukienda haraka, mkondo unakuwa mkubwa kwa muda mfupi. Ukienda taratibu kidogo, unakuwa mdogo kwa muda mrefu. Jumla ni moja.

Ukisukuma polepole kabisa mshale unakuwa na muda wa kuufuata mkondo, na hapo ndipo unaona udogo wake. Wazee wa maabara walikuwa na galvanomita maalumu za kupima teke hili, mshale mzito kwa makusudi.

Kwa hiyo hoja ya mkono (#4) naiondoa mezani. Mkono wowote wa haraka ungetoa 9.

#9 Pedali ya Pongwe
Mkuu #8 nimekuelewa, lakini usiondoe meza na chai iko juu yake. Umesema "mkono wowote wa haraka". Haraka kiasi gani? Kwa koili ndefu sumaku ina safari ndefu zaidi kufika katikati, muda unaongezeka. Huenda kwa koili ya 1200 mshale ulikuwa tayari unaanza kuufuata mkondo. Hatujaambiwa koili hizo zina urefu gani.

#10 Bibi Maabara
Nimekaa maabara za shule miaka 27 kabla ya kustaafu, na mnachokizungumza vijana ni kizuri, lakini hakuna aliyeuliza habari za sumaku. Sumaku za shule zinadondoshwa sakafuni, zinaachwa dirishani juani, zinatupwa kwenye droo ncha ya kaskazini kwa kaskazini. Zinachoka. Zinatakiwa kulazwa mbili mbili, ncha zipishane, na vipande vya chuma laini vya kufunga ncha kila upande. Mwanangu mwalimu, sumaku iliyotumika ni moja kwa koili zote, au kila kundi lilikuwa na yake?

La pili. Galvanomita ilikuwa umbali gani na koili? Ndani yake mna sumaku. Nimeshaona mwanafunzi anashangilia "umeme! umeme!" na nyaya hajaziunganisha. Chomoa nyaya, sogeza sumaku vilevile, uone kama mshale unatikisika.

#11 Msomaji wa Usiku
Hoja ya Bibi ina historia. Mwanasayansi Faraday mwenyewe alipogundua jambo hili tarehe 29 Agosti 1831 kule London kwa kuingiza sumaku kwenye koili, alihakikisha kipimo chake kiko mbali.

#12 Mwana wa Raskazone
#11 rekebisha kidogo. Tarehe 29 Agosti 1831 hakuingiza sumaku popote. Siku ile alitumia pete ya chuma iliyozungushiwa koili mbili, moja kwa betri, nyingine kwa kipimo. Mshale ulitikisika pale tu alipounganisha betri na pale alipoitenganisha. Betri ikiwa imeunganishwa na kutulia, mshale nao ukatulia. Hiyo ndiyo transfoma ya kwanza, kwa maana halisi. Sumaku ya kuingiza na kutoa kwenye koili ilikuja Oktoba mwaka uleule, tarehe 17.

Aliyeweka kipimo mbali kabisa ni mwingine: Jean-Daniel Colladon wa Geneva, mwaka 1825, miaka sita kabla. Kwa kuogopa hilohilo alilolisema Bibi, aliweka galvanomita chumba cha pili na kuvuta nyaya ndefu. Akaingiza sumaku kwenye koili, akatembea hadi chumba cha pili kusoma. Alipofika mshale ulikuwa umesharudi sifuri. Ugunduzi ukampita mlangoni kwa sababu hakuwa na msaidizi wa kukodolea macho.

#13 Msomaji wa Usiku
Asante kwa sahihisho. Nilichanganya tarehe.

#14 Mgeni wa Bara
Kumbe hata Geneva wanahitaji mtu wa kusema "nimeuona!" Mimi na hesabu hatujasalimiana siku nyingi, lakini habari ya Colladon nimeihifadhi.

#15 Mwl wa Makorora
Nimerudi na majibu. Leo baada ya vipindi nilibaki maabara na vijana wanne.

Ukinzani kwa mita ya fundi: koili ya 300 omu 21, ya 600 omu 43, ya 1200 omu 87. Galvanomita omu 40.

Sumaku ilikuwa moja kwa koili zote. Urefu wa koili: ya 300 imesambaa sentimita 10 kwa tabaka moja, ya 600 sentimita 10 kwa matabaka mawili, ya 1200 sentimita 20 kwa matabaka mawili. Hiyo ya tatu tuliirefusha kwa sababu matabaka manne yalikuwa yanatuteleza.

Jaribio la Bibi: tulichomoa nyaya, tukasukuma sumaku vilevile. Mshale ulisogea mstari 1 kuelekea kulia. Galvanomita ilikuwa sentimita 30 tu kutoka kwenye koili. Nimeumia kidogo kuliona hilo, maana nimeipanga meza ile hivyo kwa miaka mitatu.

Fundi, mizunguko ingegusana kopa kwa kopa ukinzani ungeshuka, sivyo? Naona 21, 43, 87 zinakwenda sambamba.

#16 Mhandisi wa Mto
Safi sana. Hesabu ni nyepesi. Mizunguko kugawanya kwa ukinzani wote:
300 kwa omu 61 ni 4.9.
600 kwa omu 83 ni 7.2.
1200 kwa omu 127 ni 9.4.

Tukiipa ya kwanza mistari 6, ya pili inatakiwa 8.8, na ninyi mmepata 9. Hapo ukinzani umejieleza. Ya tatu inatakiwa 11.5, na ninyi mmepata 7. Hapo kuna jambo jingine, na nakubali kwamba ukinzani peke yake hautoshi.

#17 Mwana wa Raskazone
Jambo lenyewe liko kwenye maneno ya mwalimu: "tuliirefusha". Sumaku ina sentimita 7 na nusu, koili ina 20. Sumaku ikiwa katikati, mistari yake ya uga inapita ndani ya mizunguko iliyo karibu nayo tu. Mizunguko ya mwanzoni na ya mwishoni haipati kitu cha maana. Kwa kila sentimita, koili ya 1200 ina mizunguko 60, sawasawa na ya 600. Kwa hiyo sumaku inakutana na idadi ileile ya mizunguko, ila mkondo unalazimika kupita kwenye waya mrefu maradufu. Yaani 600 kugawanya kwa 127, ambayo ni 4.7. Kwa mistari inakuja 5.8.

Mmepata 7, ambayo iko karibu na 5.8 kuliko 11.5.

#18 Fundi Msuka Mota
Hesabu zenu nzuri, lakini mimi nakaa na koili, siyo na karatasi. Ukinzani kuwa sahihi hakumaanishi koili ni sahihi. Kuna ugonjwa ambao mita haiuoni kabisa: kugeuza. Ukisuka nusu kwa kulia, ukakata, ukaunga, ukaendelea kushoto, omu ni zilezile, lakini nusu ya pili inapigana na ya kwanza. Feni zinaletwa kwangu hivyo kila mwezi, fundi wa kwanza ameunganisha ncha vibaya, feni inaunguruma tu haizunguki. Mwalimu, waya wa koili ya tatu ulikuwa kipande kimoja?

#19 Kidato cha Nne B
Fundi, ulikuwa na kiungo. Roli la waya liliisha karibu na katikati. Tuliunga kwa waya mwingine uliotoka kwenye mota ya feni bovu, mwenzetu mmoja aliuleta kutoka nyumbani. Tulikwangua vanishi, tukasokota, tukafunika kwa gundi ya karatasi. Bomba tulikuwa tumelitoa kwenye mkono wa kuzungushia ili tuunge vizuri, halafu tukalirudisha. Sikumbuki kama lilirudi upande uleule.

#20 Fundi Msuka Mota
Ndiyo hapo.

#21 Mwl wa Makorora
Habari hii ya kiungo ndiyo naisikia leo. Hakuna atakayeadhibiwa, lakini iandikwe kwenye ripoti.

#22 Mama Wawili Chumbageni
Samahanini nawaingilia. Nimeona mnazungumza koili na sumaku, na mimi nina jiko la umeme la kioo, lile la induksheni, nililetewa zawadi. Nikiweka sufuria zangu za alumini halipati moto, linalia tu pii pii. Nikiweka kikaango cha chuma kinawaka. Alumini si inapitisha umeme vizuri? Mkiwa mmeshika kalamu nisaidieni.

#23 Mhandisi wa Mto
Mama, karibu, hujaingilia. Chini ya kioo mna koili ya kopa, mkondo wake unageuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga unaobadilika unazalisha mikondo ndani ya kitako cha sufuria, na mikondo hiyo ikikutana na ukinzani inakuwa joto. Alumini inapitisha umeme vizuri mno, ukinzani wake ni mdogo, joto halipatikani kwa urahisi, na tena haishikwi na sumaku. Chuma kinashikwa na sumaku na kina ukinzani zaidi. Chukua sumaku ndogo uende nayo dukani. Sufuria ikishika sumaku vizuri kitakoni, hiyo nunua.

#24 Mama Wawili Chumbageni
Ahsante mwanangu. Wali wa nazi utabaki kwenye mkaa basi mpaka mwisho wa mwezi.

#25 Pedali ya Pongwe
Kwa kuwa tumeshatoka njiani kidogo, niseme la baiskeli, maana sisi Tanga bila baiskeli si Tanga. Marehemu babu alikuwa na dainamo ya chupa, ile inayoegemea tairi, volti 6, wati 3. Nilipokuwa mdogo nilidhani koili ndiyo inazunguka. Nilipoifungua nikakuta sumaku ndiyo inazunguka na koili imetulia. Ukiizungusha kwa vidole taa ikiwa haijaunganishwa, inakwenda laini. Unganisha taa, inakuwa nzito. Babu alikuwa akipanda kilima usiku anaiondoa dainamo kwenye tairi, anapanda gizani, akifika juu anairudisha. Alikuwa hajui jina la Lenz, lakini alikuwa anamlipa kwa miguu.

#26 Msomaji wa Usiku
Hiyo ndiyo kanuni ya Lenz ya 1834: umeme unaozalishwa unapinga kile kilichouzalisha. Mjerumani yule alikuwa na akili.

#27 Mwana wa Raskazone
Heinrich Lenz alizaliwa Dorpat, ambayo leo ni Tartu nchini Estonia. Wakati ule ilikuwa chini ya Urusi. Kazi yake aliifanya St Petersburg. Nyumbani kwao walizungumza Kijerumani, labda ndiyo unachokusudia.

#28 Mhandisi wa Mto
Na nguvu ya babu wa #25 ndiyo nguvu ya mto Pangani. Pale Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, na pale New Pangani Falls, megawati 68 tangu 1995, hakuna siri nyingine zaidi ya sumaku inayozunguka ndani ya koili. Mji ukiwasha taa jioni, mashine inakuwa nzito, na maji zaidi yanafunguliwa ili mwendo usishuke. Umeme wetu unatakiwa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mashine yenye ncha 12 za sumaku inazunguka mara 500 kwa dakika kupata hiyo 50; yenye ncha 2 ingelazimika kuzunguka mara 3000. Wanafunzi wakipelekwa kuangalia mitambo ya maji waulize ina ncha ngapi, wapige hesabu wenyewe palepale.

#29 Jirani wa Mgandini
Nasoma tangu mwanzo, sikutaka kuchangia. Ila onyo moja kwa walimu: kuna kijana wangu alichukua choki ya taa ya tyubu akaiunganisha na betri mbili za tochi, ameshika ncha zote kwa vidole. Wakati wa kuunganisha hakuhisi kitu. Alipotenganisha, akaruka na kupiga kelele. Betri volti 3 tu!

#30 Mhandisi wa Mto
Koili yenye chuma ndani inahifadhi nguvu kwenye uga wake. Ukikata ghafla, uga unaporomoka kwa muda mfupi sana, na volti inapanda kupita ya betri mara nyingi. Joseph Henry wa Marekani ndiye aliyelieleza hilo mwaka 1832, na kipimo cha tabia hiyo kinabeba jina lake. Hakuna kushika ncha za choki kwa mikono mitupu, hata kwa betri ndogo.

#31 Mwl wa Makorora
Turudi. Leo nimefanya jaribio la kumjibu Fundi (#18). Galvanomita nimeisogeza mita 2, na nyaya zikiwa zimechomolewa mshale hautikisiki tena.

Koili ya 1200. Sumaku kutoka nje hadi katikati: mistari 6 kulia. Nikasubiri mshale utulie. Kutoka katikati kusogea mbele kidogo ndani ya bomba: karibu hakuna kitu. Kutoka hapo hadi kutokea upande wa pili: mistari 6 kushoto, mara nyingine 5.

Koili ya 600 kwa umbali huo mpya: 8. Ya 300: 5.

#32 Mwana wa Raskazone
Basi nusu ya pili haijageuka, Fundi. Ingekuwa imegeuka, sumaku ikivuka kiungo kutoka nusu hii kwenda ile, mshale ungepigwa teke kubwa kuliko yote, maana flaksi inahesabiwa kutoka chanya hadi hasi. Mwalimu ameona karibu sifuri katikati. Ndivyo koili ndefu iliyosukwa upande mmoja inavyofanya.

#33 Fundi Msuka Mota
Amesogeza "kidogo". Kidogo ni sentimita ngapi? Kiungo kiko wapi hasa? Kijana amesema "karibu na katikati". Kama kiungo kiko sentimita 13 kutoka mdomoni na mwalimu ameishia 12, hajavuka kitu. Mimi simkubali mtu anayesema koili ni nzima bila kufuata waya kwa kidole.

Halafu ule waya wa feni. Mara nyingi huwa wa 0.18. Ukiwa mwembamba, mizunguko michache inatoa omu zilezile. Huenda hamna 1200.

#34 Mhandisi wa Mto
Hilo la unene ni la kweli, nimelipigia hesabu. Waya wa 0.18 una ukinzani takriban mara 1.23 ya ule wa 0.2 kwa urefu uleule. Kama nusu ya kwanza ni mizunguko 600 yenye omu 43, zile 44 zilizobaki zingetosha mizunguko kama 500 ya waya mwembamba. Jumla 1100. Kwa hesabu yangu ya mwanzo hiyo inashusha 11.5 hadi 10.6. Haishuki hadi 7, wala hadi 6 ya leo.

#35 Pedali ya Pongwe
Lakini angalieni namba mpya. Koili ya 300 imekuwa 5, ya 600 imekuwa 8, ya 1200 imekuwa 6. Ukigawanya 8 kwa 5 ni 1.6, wakati Mhandisi anataka 1.47 (7.2 kwa 4.9). Ukigawanya 6 kwa 5 ni 1.2, wakati Mwana wa Raskazone anataka 0.96 (4.7 kwa 4.9). Kila mmoja amekosa.

#36 Mwana wa Raskazone
Mshale unasomwa kwa mstari mzima mzima. 5 inaweza kuwa 5.4 na 8 inaweza kuwa 7.6, na hapo uwiano ni 1.4. Kuhusu hesabu yangu, kuna sehemu niliirahisisha: mistari ya uga haikatiki ghafla penye ncha ya sumaku, inatawanyika nje kidogo. Koili ya sentimita 10 inaikosa sehemu hiyo, ya sentimita 20 inaipata. Kwa hiyo 0.96 yangu inatakiwa kupanda kidogo. Kiasi gani, mpaka isukwe koili ya 1200 kwa sentimita 10, matabaka manne, ilinganishwe na hii.

#37 Bibi Maabara
Matabaka manne hayatelezi ukiweka karatasi nyembamba kati ya tabaka na tabaka, na ukipaka vanishi kila unapomaliza tabaka. Tulikuwa tunafanya hivyo. Na msome mshale kwa jicho moja, juu yake kabisa, siyo kwa pembeni. Nusu ya ugomvi wenu huu naona ni wa macho.

#38 Mgeni wa Bara
Mwalimu, mtu akitaka kuona kuingia na kutoka bila ugomvi wa macho afanyeje? Nina watoto nyumbani wamesoma uzi huu wote na mimi.

#39 Mhandisi wa Mto
Chukua vitaa viwili vya LED vyekundu, viunganishe kwenye ncha za koili vikitazamana kinyume. Tumia sumaku kali ndogo za neodimiamu, zile zinazopatikana ndani ya diski za kompyuta bovu, na uidondoshe katikati ya koili yenye mizunguko mingi, gizani. Volti zikifika karibu 2, kimoja kinamweka sumaku ikiingia, kingine ikitoka. Hapa kasi ndiyo inayohesabika, tofauti na mshale, kwa sababu kitaa kinajibu papo hapo. Kutoka kunamweka zaidi, maana sumaku imeshaongeza mwendo. Mita ya dijitali usiitumie kwa hili. Inasoma mara mbili tatu kwa sekunde, tukio linaipita kama lilivyompita Colladon.

#40 Mwl wa Makorora
Nashukuru wote. Alhamisi darasa litapewa namba zote, za kwanza na za pili, na maelezo yote: ukinzani, urefu wa koili, kiungo, waya mwembamba, galvanomita kukaa karibu. Kila kundi litachagua moja na kubuni jaribio la kuliangusha. Fundi, nimekusikia kuhusu kidole. Kundi la #6 limeomba kuifungua koili ya 1200 mzunguko kwa mzunguko, wahesabu, na watazame waya ulikuwa unaelekea wapi baada ya kiungo.

#41 Fundi Msuka Mota
Wafungue taratibu, waya wasiukunje, utafaa kusukia ile ya matabaka manne. Wakifika kwenye kiungo wapige picha kabla ya kugusa.

#42 Kidato cha Nne B
Shikamooni. Tumeanza leo saa 8 mchana. Mmoja anafungua, mmoja anahesabu kwa sauti, mmoja anaandika kila tukifika 50. Tumefika 412, kiungo bado hatujakiona, na kengele ya kufunga maabara imelia. Tumefunga uzi mwekundu mahali tulipoishia.